Shati na sketi: sikio la Mswahili na irabu za Kiingereza (uzi mrefu kidogo)

Ndimi Saba (mtoa mada)

Wakuu, habari za humu ndani.

Tamka "shati". Tamka "sketi". Kwetu hayakaribiani: moja lina a, jingine lina e. Sasa yarudishe yalikotoka: *shirt* na *skirt*. Kwa Mwingereza hayo ni maneno ya vina kamili, irabu ni ileile moja. Sikio la Kiswahili lilipokutana nayo kwenye neno moja likaiandika a, kwenye jingine likaiandika e. *Nurse* akawa nesi, *jersey* ikawa jezi, na *T-shirt*, ambayo ni shati lilelile, ikaitwa tisheti.

Tazama na hizi. *Bank* ikawa benki, *gas* ikawa gesi, *fan* ikawa feni. Lakini *tank* ikawa tanki, na *captain* akawa kapteni. Zote tano zina irabu ileile kwa Kiingereza. Huku kwetu wengine walisikia e, wengine wakasikia a, na kila mmoja alikuwa na hakika na alichosikia.

Kiswahili kina irabu tano. Lafudhi ya kusini mwa Uingereza, ile inayoandikwa kwenye kamusi, kwa hesabu ya jadi ina ishirini: kumi na mbili za kawaida na nane za kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine (difthongi). Ya Kimarekani ina kama kumi na tano hivi, inategemea nani anahesabu. Sasa sikio letu ni nyumba ya vyumba vitano iliyopokea wageni ishirini. Hakuna anayelala nje, ila wengine itabidi wabanane. Kwenye chumba cha a wamejazana *hat*, *hut*, *heart* na mara nyingi *hurt*. Maneno manne, maana nne, na wengi wetu tunayasikia kama neno moja lililorudiwa.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila ninapoona watu wanafundishana matamshi, wanaanzia mdomoni. Weka ulimi hapa, panua midomo pale, rudia baada yangu. Mtu anarudia weee, mwalimu anatikisa kichwa, na mwanafunzi haelewi kosa liko wapi, maana kwa masikio yake amesema kitu kilekile alichosema mwalimu. Utarekebishaje sauti usiyoisikia?

Hoja yangu ni moja: sikio kwanza, ulimi baadaye. Tena sikio la mtu mzima linafundishika. Mwaka 1991 watafiti Logan, Lively na Pisoni walichapisha kazi waliyofanya na watu wazima Wajapani, ambao r na l za Kiingereza zinawachanganya vibaya sana. Waliwasikilizisha maneno kutoka kwa wasemaji mbalimbali, wachague ni neno gani, na kila jibu wakaambiwa hapohapo kama wamepata au wamekosa. Usikivu wao ukapanda. Mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake wakaonyesha jambo la kufurahisha zaidi: waliofundishwa kusikiliza tu, bila kufundishwa kutamka, hata matamshi yao yaliboreka.

Hizo zilikuwa konsonanti, najua. Lakini njia hiyohiyo imetumika na kwenye irabu, na nitaieleza huko chini. Kwanza nataka kusikia mnasemaje. Naomba kuwasilisha.

---

Kalamu Butu

Mkuu nimekaa siti ya mbele, shusha madini. Mimi *hat* na *hut* ni kitu kimoja kabisa, na nimesoma Kiingereza tangu utoto.

---

Mbishi Halali

Mtoa mada, umeanza vizuri ila unakuza mambo. Haya tulifundishwa shuleni kwa sentensi moja: kuna irabu fupi na irabu ndefu. *Ship* fupi, *sheep* ndefu. *Full* fupi, *fool* ndefu. Ukivuta unapata moja, usipovuta unapata nyingine. Ishirini za nini?

Halafu hayo maneno ya mkopo yaliingia kwa nyakati tofauti na kupitia midomo tofauti, na mengine yalichukuliwa kutoka kwenye maandishi. Usiyafanye ushahidi wa mahakamani.

---

Ndimi Saba

Kwenye maneno ya mkopo nakupa haki yako, mkuu. Ni dalili tu.

Lakini hiyo ya fupi na ndefu ndiyo iliyotuharibia wengi, na nilijua itakuja. Chukua *beat* na *bid*. Kwa sheria yako *beat* ndiyo ndefu. Ukipima kwa saa, irabu ya *bid* inaweza kulingana na ya *beat*, hata kuizidi. Sababu ni kwamba Kiingereza hufupisha irabu yoyote inayofuatwa na konsonanti kama p, t, k, s, f, na huiachia inyooke ikifuatwa na b, d, g, z, v. Linganisha *seat* na *seed*: irabu moja, urefu mbalimbali. Sasa mtu anayetofautisha kwa urefu peke yake afanyeje akikutana na *beat* na *bid*?

Matokeo yake unayasikia kila siku. Mtu anataka kusema *sheep* anavuta i ya Kiswahili mpaka inaisha pumzi, na akitaka *ship* anaikata i ileile. Msikilizaji anasikia *sheep* ndefu na *sheep* fupi. *Ship* haijatokea. (Na kuna maneno ya ufukweni na ya karatasi ambayo ukiyakosea hapo yanageuka matusi. Siyaandiki, mods wasije wakafunga uzi.)

Urefu upo na unasaidia. Ila kinachobeba tofauti zaidi ni mahali ulimi ulipo. Irabu ya *ship* haikai ilipo i yetu. Iko chini yake kidogo na imesogea kuelekea katikati ya kinywa, njiani ukiwa unaenda kwenye e.

---

Fundi Sauti

Niongezee hapo, maana mimi sauti naziona kwa macho kazini.

Irabu ni mlio wa koo uliochujwa na umbo la kinywa. Umbo likibadilika, baadhi ya masafa yanapata nguvu, mengine yanafifia. Hayo yenye nguvu tunayaita formanti. Mbili za kwanza zinatosha kwa mambo mengi: ya kwanza hupanda kadiri unavyofungua taya, ya pili hupanda kadiri ulimi unavyosogea mbele.

Mwaka 1952 Peterson na Barney wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vya wasemaji 76, wanaume, wanawake na watoto, wakisoma maneno kumi yanayoanza na h na kuishia na d. *Heed, hid, head, had* na kuendelea. Wastani wa wanaume kwa *heed* ulikuwa formanti ya kwanza 270 hezi, ya pili 2290. Kwa *hid*: 390 na 1990. Kwa *head*: 530 na 1840. Kwa *had*: 660 na 1720. Mbishi, hapo hakuna urefu wowote, ni umbo la kinywa tupu, na unaona zinavyoshuka ngazi kwa ngazi. Sisi kwenye ngazi hiyo tuna i na e, basi, halafu tunarukia a.

Jambo jingine lililoonekana kwenye vipimo hivyo: ukiwaweka wasemaji wote kwenye mchoro mmoja, irabu zinaingiliana. *Hid* ya mtu mmoja inaweza kuangukia eneo la *head* ya mwingine. Kwa hiyo anayejifunza kwa sauti ya mwalimu mmoja tu anakariri kinywa cha mwalimu yule. Akikutana na sauti ya mtoto, au mzee mwenye sauti nzito, amepotea tena. Ndiyo maana hao wa 1991 walitumia wasemaji wengi.

Anayependa kujipima, kuna programu inaitwa Praat, ya bure, imetengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Sura yake ni ya kizamani na siku ya kwanza itakukera, lakini inafanya kazi.

---

Kifaru Mpole

Samahanini wakuu, mimi nitakuwa wa kuwaharibia sherehe. Lugha si ya mama zetu. Mhindi anaongea na lafudhi yake, Mfaransa na yake, na dunia inawaelewa. Sisi tu ndio tunataka kutamka *bird* kama tumezaliwa London. Huu si utumwa?

---

Mama Silabi

Kifaru mwanangu, swali lako ni halali, wala usiombe radhi. Nimefundisha lugha muda mrefu na sijawahi kumwambia mwanafunzi aondoe lafudhi yake. Lafudhi ni nyumbani kwako. Ila kuna lafudhi na kuna kutoeleweka, na hivyo ni vitu viwili.

Kuna mtafiti, Jennifer Jenkins, mwaka 2000 alijaribu kujibu swali kama lako: watu wa lugha mbalimbali wanapozungumza Kiingereza baina yao, kipi kikikosewa mazungumzo yanakwama? Mengi ya madoido ya Kiingereza cha Uingereza aliyaweka kando. Kwenye irabu alibakiza machache: tofauti ya ndefu na fupi (Mbishi, hapo una chako), pamoja na irabu ile ya *bird* na *nurse*. Hiyo alisema lazima itamkwe sawasawa. Kwa hiyo mfano uliouchagua kwa kejeli ndio huohuo aliosema usiachwe!

Na kuna kimoja ambacho Ndimi Saba hajakigusa, nacho mimi nakiona kikubwa kuliko hiyo *ship* na *sheep* yenu. Kwenye Kiswahili kila silabi inapata irabu yake kamili. Sema "watanipatia": a zote nne zinasikika wazi, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zisizo na mkazo hazidhulumiwi. Kiingereza kinadhulumu. Silabi yenye mkazo inakula kila kitu, zilizobaki zinanyang'anywa irabu zao na kupewa kijisauti kimoja kilichofifia, kinywa kikiwa kimelegea, ulimi haujaenda popote. Wataalamu wanakiita shwa, na kwenye kamusi kinaandikwa kama e iliyopinduliwa: ə. Ndiyo irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote kwenye Kiingereza, na haina herufi yake. Inajificha nyuma ya herufi yoyote: a ya *about*, e ya *problem*, o ya *lemon*, u ya *support*. *Banana* ina a tatu kwenye karatasi, mdomoni ni moja tu ya katikati iliyo hai.

Sasa angalia madhara. Mtu anataka kusema *I can go*. Sisi tunaipa *can* irabu kamili, kama neno lenye heshima zake. Lakini hapo mwenye lugha huifinya mpaka inabaki "kn". Irabu kamili anaiweka hasa anapokanusha, *I can't go*, na hiyo t ya mwisho mara nyingi haisikiki. Kwa hiyo unamwambia unaweza kwenda, yeye anasikia huwezi. Anaweza hata kukuuliza kwa nini huwezi, na wewe unashangaa.

Hilo si suala la utumwa, mwanangu. Ni mtu kukosa ulichokusudia kumwambia.

---

Kifaru Mpole

Shikamoo mama. Hiyo ya *can* imenifikirisha. Nakaa chini nisikilize.

---

Mama Silabi

Marahaba. Karibu.

---

Kalamu Butu

Mwalimu, na mkuu Ndimi Saba, swali la umri. Nimewahi kusikia kwamba masikio yanafunga utotoni, ukishakua imekula kwako. Mimi nimeshavuka arobaini. Nijaribu au nifanye mengine?

---

Ndimi Saba

Kuanza yanaanza mapema sana, hilo ni kweli. Patricia Kuhl na wenzake mwaka 1992 walilinganisha watoto wachanga wa Marekani na wa Uswidi, na wakakuta kwamba wakiwa na miezi sita tu tayari lugha ya nyumbani imeshabadilisha wanavyosikia irabu. Kwa hiyo wewe na mimi tulishapangiwa vyumba vyetu vitano kabla ya kusema neno la kwanza.

Ila kupangiwa si kufungiwa. Wale Wajapani walikuwa watu wazima. Tofauti yako na mtoto ni kwamba mtoto anapata kwa kuishi tu, wewe itabidi ukae ufanye mazoezi. Kusikiliza redio au kutazama filamu hakutoshi, kwa sababu maana ya sentensi inakusaidia kupita bila kuisikia irabu. Ukisikia mtu anasema kondoo anakula majani, ubongo hauhangaiki kama alisema *sheep* au *ship*.

Zoezi lenyewe nalifanya hivi.

Chagua jozi moja. Moja! Usiguse nyingine mpaka hiyo ikae. Kwa Mswahili naanza na *cat* na *cut*, si *ship* na *sheep* kama wengi. Sababu ni kwamba kwenye i angalau urefu unakusaidia kidogo. Kwenye *cat* na *cut* huna pa kujishikiza, ni sikio tu. Wa mwisho kabisa ni *full* na *fool*: maneno yanayotofautishwa na jozi hiyo ni machache, huwezi kupotea nayo njia.

Tafuta sauti nyingi za jozi hiyo. Kamusi za mtandaoni zina matamshi ya Uingereza na ya Marekani. Forvo ina watu wa kawaida waliorekodi neno mojamoja. YouGlish inakutafutia neno ndani ya video, unalisikia likisemwa na mtu huyu na yule. Tafuta wanaume, wanawake, wa sauti nene na nyembamba. Zikusanye kwenye simu, zipe namba tu badala ya majina, changanya, cheza. Kila moja chagua: ni *cat* au *cut*? Andika. Halafu angalia jibu papo hapo, usingoje mwisho. Bila jibu la papo hapo unajifunza makosa yako mwenyewe.

Usitazame maandishi. Jicho ni adui wa sikio hapa. Ukishaona u imeandikwa utaisikia u.

Siku za mwanzo utakuwa unabahatisha, nusu unapata, nusu unakosa, kama kurusha sarafu. Usiseme neno kwa sauti. Najua inakera, watu wanataka kuongea. Vumilia. Siku moja tu mojawapo itaanza kukusikikia ya ajabu, kama imepinda, na hutaweza kuieleza. Hapo ndipo penyewe. Ukiona unapata nyingi na kwa sauti ambazo hukuzitumia mwanzoni, hamia mdomoni.

Na mdomoni, kwa kuwa tunazo irabu zetu tano safi, tuzitumie kama vituo vya kuanzia safari:

*Cat*: sema e ya Kiswahili, ishikilie, kisha shusha taya bila kuurudisha ulimi nyuma. Ukisikia imekuwa a kamili umeshapitiliza, rudi. Ulimi unabaki mbele, ncha inagusa nyuma ya meno ya chini.

*Cut*: hii ni jirani wa a yetu, lakini taya halifunguki sana na inakatika haraka. Wengi wetu tunaipata vizuri bila kujua. Tatizo ni kuwa tunaitumia na kwa *cat* pia.

*Heart*: ile aaa ya kumwonyesha daktari koo. Ulimi umerudi nyuma, umelala.

*Ship*: anza na e, panda polepole kuelekea i, simama katikati ya njia. Ukifika i umepitiliza.

*Hurt*, *bird*, *nurse*: tuliyoifanya mara a, mara e. Sema e, halafu bila kukunja midomo wala kupanua, vuta ulimi urudi kidogo katikati ya kinywa, kisha shikilia ndefu. Inafanana na mtu anayesitasita akitafuta la kusema. Mmarekani anaongezea r kwa kukunja ulimi hapohapo. Mwingereza wa kusini haiweki kabisa.

*Full*: kati ya u na o, midomo imelegea.

Na zile difthongi: *wait* si *wet* iliyovutwa. Inaanza kwenye e na kuishia karibu na i, lazima isafiri. Mtu asiyeisafirisha anasema *pen* akitaka *pain*, na *pepper* akitaka *paper*. Kwa hili Mswahili hana kisingizio, kwani tunasema "wei" na "hei" bila shida. Vilevile *coat* inasafiri, *cot* haisafiri.

---

Mbishi Halali

Nimejaribu hiyo ya kushusha taya hapa nilipo, watu wananitazama kama nina wazimu.

Sasa mkuu nijibu na hili, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kwa nini waandike hivyo? *Bread, bead, great, heart, learn*. Herufi ni e na a, matamshi matano! Kiswahili ukiona e unasoma e, habari imeisha.

---

Ndimi Saba

Historia fupi. Zamani Kiingereza nacho kilisomeka karibu na kinavyoandikwa. *Name* ilikuwa na silabi mbili, kitu kama "naame", na i ya *bite* ilikuwa kama i yetu iliyovutwa. Kisha, kuanzia karibu 1400 hadi 1700, irabu ndefu zikahama zote, kila moja ikipanda juu kinywani, na zilizokuwa juu kabisa zikavunjika kuwa difthongi. Katikati ya msafara huo, 1476, William Caxton akaleta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza, na tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi bado yako njiani. Unachosoma leo ni picha ya mdomo wa watu waliokufa zamani.

Ndiyo maana nasema alama za kamusi zina faida kuliko herufi. Si lazima uzijue zote. Jua æ (*cat*), ʌ (*cut*), ɜː (*bird*), ɪ (*ship*) na ile ə ya Mama Silabi. Hizo tano hazina mwenzao kwenye herufi zetu.

---

Kifaru Mpole

Na tufuate Uingereza au Marekani? Nikisikiliza huku na kule nachanganyikiwa. *Bath* ya huyu si ya yule.

---

Mama Silabi

Chagua moja ya kusema, zisikilize zote. Wenye lugha wenyewe hawakubaliani. Wamarekani wengi *cot* na *caught* wanayatamka sawasawa. Kusini mwa Marekani wapo ambao *pin* na *pen* kwao ni neno moja, kwa hiyo usidhani ni wewe tu. Kaskazini mwa Uingereza *put* na *putt* hayatofautiani, na *cut* yao utaisikia kama "kut". Mwanaisimu John Wells mwaka 1982 alitafuta njia ya kuzilinganisha lafudhi hizi, akayapanga maneno kwenye makundi 24, kila kundi likapewa neno moja kama jina: KIT, DRESS, TRAP, STRUT, NURSE na kadhalika. Inasaidia sana, kwa sababu lafudhi ikibadilika, mara nyingi kundi zima linabadilika pamoja. Ukishajua mtu anasemaje *bath*, umejua na *grass* yake na *laugh* yake.

---

Fundi Sauti

Ujanja mdogo kwa wasio na mwalimu: ile sehemu ya simu ya kuandika kwa sauti. Iweke Kiingereza, tamka neno moja, ona imeandika nini. Ukisema *cut* ikaandika *cat*, una kazi. Lakini tumia neno mojamoja! Ukiipa sentensi nzima inabahatisha kwa maana, kama sisi tu, na itakuandikia sawa hata kama umetamka ovyo. Na isikuvunje moyo pia, wakati mwingine inakosea yenyewe.

---

Kalamu Butu

Wakuu nimeanza na *cat* na *cut* kama mlivyosema, bado ni sarafu inarushwa, lakini kuna sauti ya dada mmoja kwenye kamusi, *cat* yake naanza kuishtukia.

Swali la mwisho halafu niwaache. *Work* na *walk*. Hapo nakwama hata kwa kusoma.

---

Ndimi Saba

Hiyo ya kuishtukia ndiyo yenyewe, endelea, ila ongeza sauti nyingine usije ukamkariri huyo dada.

Kuhusu *work* na *walk*, kuna kanuni nzuri ya w. Ukiona *wor*, mara nyingi ni irabu ya *bird*: *work, word, world, worm, worse*. Ukiona *war*, ni o ndefu ya *door*: *war, warm, ward*. *Walk* nayo iko upande huo wa pili, na l yake haitamkwi. Yaani herufi zimepishana na unavyotarajia: penye o husemi o, penye a ndipo unaposema o. *Worn* na *worry* zinavunja kanuni, hizo zikariri tu. Anza kwa kusikiliza *worm* na *warm*, maana hapo hakuna l ya kukuchanganya.

---

Mbishi Halali

*Word* na *ward*, *worm* na *warm*. Nimezitafuta YouGlish sasa hivi. Ya kwanza nimekosa, ya pili nimekosa, ya tatu nimepata. Naendelea.